Kuandaa darasa la rap na mashairi mtaani mpaka lizae kitu: mwongozo kamili kwa Malindi na Lamu

Meseji ninazopata ni zile zile. "Kaka tulifanya shoo ya kuhamasisha, watu walijaa, tukachana vizuri, alafu kesho yake mtaa uko vile vile." Mwingine ananiambia waliambiwa wazime spika kabla hata maiki haijashikwa. Mwingine, huyu wa upande wa Lamu, vijana wake waliandika vesi kali kabisa lakini wazee wakaondoka barazani katikati ya shoo na hadi leo hawaongei vizuri.

Nikiuliza mlianzaje, jibu ni moja: tulitafuta spika. Basi hapo ndipo mlipokosea, manake jukwaa ni wiki ya mwisho. Kazi yenyewe ni wiki 6 na tano kati ya hizo hakuna anayekuona. Fuata hizi hatua kwa mpangilio, usiruke hata kama una haraka.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu kwa kila kijana. Simu haitoshi, nitaeleza kwa nini.
- Mkeka au baraza yenye kivuli. Usilipie ukumbi.
- Spika ndogo ya bluetooth ya mazoezi.
- Biti 2 au 3 tu za BPM (mipigo kwa dakika) 85 hadi 90, zisizo na maneno. Za mitandaoni zilizoandikwa za bure mara nyingi ni bure kama huuzi wimbo, so soma masharti kabla hujapakia video inayoingiza pesa.
- Mtu mmoja anayelijua jambo mnaloliimba (nesi, mwalimu, mvuvi, afisa wa kaunti) na mzee mmoja anayejua mashairi.
- Maji ya kunywa na kitu cha kutafuna. Viazi vya karai vinafanya kazi kuliko hotuba.
- Kwa siku ya shoo: maiki 2 za waya, spika kubwa ya kukodi, waya wa kuvuta umeme, meza moja na viti viwili. Hio meza usiisahau.

Hatua ya 1: Chagua jambo moja lenye mlango

"Ufisadi" si jambo. "Vijana tuamke" pia si jambo. Jambo ni kitu ambacho mtu akimaliza kukusikiza anaweza kuamka kesho akaenda mahali fulani, akabisha mlango fulani, akafanya kitu fulani. Kama hakuna mlango, ulichoandika ni malalamiko, na mtaani malalamiko tunayo ya kutosha bila biti.

Mfano wa kwanza: unga, yaani heroini. Malindi hapa tunalijua hili, hakuna haja ya kupamba. Vijana wengi wanataka kuandika "acha unga", na mtumiaji ashaambiwa acha unga na mamake, na shehe, na kila mtu, kila siku. Mlango uko wapi? Malindi kuna kliniki ya methadone, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, anakunywa pale pale mbele ya mhudumu, kila siku. Hapo sasa kuna kitu cha kuimba.

Mfano wa pili: taa za mtaa, au maji. Mlango wake una tarehe. Kwa sheria ya fedha za umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, karatasi ya mkakati wa fedha kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai. Kwa ivo ukichana kuhusu taa mwezi wa Juni umechelewa, pesa zishagawanywa, hata vesi iwe kali vipi. Chana Januari, alafu uwaambie watu kikao cha maoni ya wananchi kiko wapi na lini.

Utajua umefaulu hatua hii ukiweza kumwambia mama muuza mahamri jambo lenu kwa sentensi moja na asikuulize "sasa mnataka nifanyeje?"

Hatua ya 2: Nenda ukasikize kabla hujaandika

Siku mbili nzima. Hakuna kuandika vesi, hakuna biti. Nendeni wawili wawili kwa watu ambao jambo linawahusu, muulize maswali matatu: Ilianzaje? Nini kinakuzuia? Watu wakilizungumzia hili ni neno gani linakuuma?

Kundi langu la kwanza tulidharau hii hatua. La pili tukaenda. Kijana mmoja alikua keshaandika kichwani vesi nzima ya kumhimiza mtu aende kliniki, tukakaa na jamaa anayekunywa dawa miezi kadhaa sasa, akatusikiza, akacheka kidogo, akasema: "Kwenda nataka. Nauli ya kila siku ndio sina." Anakaa mbali na mji, tuktuk kwenda na kurudi kila siku anayoiumba Mungu, na siku akikosa nauli anakosa dawa. Yule kijana akafunga daftari. Vesi yake yote ilikua inamsukuma mtu kwenye mlango ambao mtu mwenyewe anaujua, shida ilikua njia.

Tukabadilisha. Wimbo haukuwa tena wa watumiaji, ukawa wa watu wa boda: nani anaweza kumbeba jirani yake asubuhi akiwa anaelekea stejini. Mlango ukahama kabisa.

Angalizo: neno "teja", la kumwita mtumiaji wa unga. Vijana wanalipenda kwa sababu lina vina rahisi. Litoe. Pale mbele kuna mama mwenye mtoto anayetumia, ukisema teja ameshafunga masikio na pengine ameshashika njia ya kwake.

Hatua ya 3: Kusanya kundi dogo

Watu 8 hadi 12. Wakizidi hapo hupati nafasi ya kumsikiza kila mmoja akighani, na kusikizwa ndio darasa lenyewe.

Saa mpange kwa maisha ya huku, si kwa maisha ya video za Nairobi. Wengi alasiri wako chuoni, madrasa, so Jumamosi asubuhi ndio salama. Wasichana mtawapata kama mtaenda nyumbani kwao kuongea na mama au bibi, mkae, mnywe chai, mseme wazi ni nini mnafanya na saa ngapi mtamrudisha. Ukimtumia msichana meseji peke yake alafu ukashangaa hakuja, hapo wa kulaumiwa ni wewe.

Aliye chini ya miaka 18 mzazi aweke sahihi, na sahihi ya kupigwa picha na video iwe mbali na ya kuhudhuria. Sheria ya kulinda data ya 2019 inataka ruhusa ya mzazi kwa data za mtoto, na sura ya mtoto ikishafika mtandaoni hairudi.

Hatua ya 4: Andika kwa mizani, biti baadaye

Hapa ndipo wengi wanaanguka, na mimi hapa nitakaa kidogo.

Kijana akiwekewa biti kwanza ataandika kama rapa anayemsikiza kwenye simu. Mwachishe biti. Mpe daftari, manake kwenye karatasi unaweza kugonga silabi na kalamu moja moja, kwenye simu kidole kinateleza tu.

Sasa angalia hii hesabu, ni tamu. Mshororo wa utenzi una mizani 8, yaani silabi 8. Mstari mmoja wa biti una mipigo 4, na ukihesabu "moja na mbili na tatu na nne na" unapata nafasi 8. Yaani utenzi wa kina bibi unakaa juu ya biti ya hiphop bila kukatwa hata kucha. Ubeti mmoja wa mishororo 4 ni mistari 4. Beti 4 ni mistari 16, ambayo ndio vesi ya kawaida ya rap. Kwa BPM 90 hio vesi inachukua kama sekunde 43. Vesi mbili na kiitikio cha mistari 4 mara tatu, umefika dakika 2 hivi. Inatosha! Usizidishe.

Mstari niliopewa na kijana siku ya kwanza ulikua hivi:

Vijana wenzangu acheni kutumia madawa ya kulevya

Tukahesabu pamoja: mizani 20. Ndio maana alikua anakata pumzi katikati na hakuna aliyemuelewa. Tukaivunja, tukatupa maneno ya mabango ya serikali, asubuhi yote ikaisha kwenye ubeti mmoja:

Mlango haujafungwa
Dawa yako imepangwa
Ndugu hafai kutengwa
Twende sote asubuhi

Gonga meza ukihesabu. M-la-ngo-ha-u-ja-fu-ngwa. Nane. Mishororo mitatu inashika kina kimoja, wa nne unabeba kina chake ambacho kitarudi mwisho wa kila ubeti, so beti zote za huyo kijana ziliishia na -hi. Hadhira ikisikia mara mbili, ya tatu wanamalizia wenyewe, na wakimalizia wenyewe wamelikariri jambo bila kujua.

Mambo yanayowapiga chenga kwenye kuhesabu: "mtu" ni mizani 2 kwa sababu m imesimama peke yake, lakini "mbuzi" pia ni 2 na siyo 3 kwa sababu mb inatamkwa pamoja. "Nchi" ni 2. Ukiwa na shaka imba polepole, mdomo unajua kuliko daftari.

Anayetaka kukimbia achukue mshororo wa shairi wa mizani 16, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili), aubane kwenye mstari mmoja. Kwa BPM 90 hio ni silabi 6 kwa sekunde. Wengi hawawezi bila kumeza maneno, mwambie ukweli mapema arudi kwenye 8.

Wa Lamu andikeni Kiamu. Sijui nani aliwadanganya kwamba rap lazima iwe ya Nairobi. "Ndoo" badala ya njoo, "nti" badala ya nchi, "mato" badala ya macho, bibi yako mwenyewe ataelewa bila mkalimani na hapo ndio utajua ukimya wa kusikizwa unakaaje.

Angalizo kubwa: watoto wa madrasa wana pumzi na mapigo mazuri sababu ya kaswida, tumia hio nguvu yao. Lakini usichukue kaswida yenyewe ukaipandishia biti. Yule wa Lamu niliyemtaja juu, wazee waliondoka kwa sababu hio hio.

Umefaulu kama kijana anaweza kughani vesi yake bila biti, bila karatasi, akiwa anatembea.

Hatua ya 5: Kagua kila mstari

Kila vesi ipite kwa watu wawili. Mjuzi wa jambo anaangalia ukweli: je, ni kweli dawa ni ya kila siku, ni kweli kikao ni tarehe hio? Mzee wa mashairi anaangalia lugha. Usiwaweke siku moja, watabishana wao mpaka adhana.

Alafu wewe mwenyewe uangalie hatari. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inakupa uhuru wa kusema, ila kifungu hicho hicho kinatoa nje uchochezi na matamshi ya chuki, na kuna sheria ya utangamano wa kitaifa ya 2008 juu yake. Mstari unaotukana kabila au watu "waliokuja" toa, hata kama unashangiliwa mazoezini. Mstari unaomtaja mtu kwa jina kwamba anauza unga, huo toa mbio zaidi. Huna ushahidi, na kijana wa miaka 17 ndiye atakayekua kwenye maiki siyo wewe.

Hatua ya 6: Makaratasi

Inachosha, lakini bila hii hakuna shoo.

Sheria ya utulivu wa umma (Public Order Act) inataka mkutano wa hadhara utolewe taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla. Andika jina lako, unapokaa, mahali, tarehe na saa. Saa yenyewe iwe kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. Hata kama mwaona ni burudani tu, peleka. Beba nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo, na siku ya shoo iwe mfukoni.

Kumbuka ni taarifa unatoa, na haki ya kukusanyika kwa amani iko kifungu cha 37. Lakini sema kwa adabu, si lazima umsomee afisa katiba kaunta.

Mimi mara ya kwanza nilipeleka barua jana yake. Kituo chenyewe sikitaji. Saa tisa na nusu watu washakaa, akaja afisa akauliza barua, akaangalia tarehe, akasema kwa upole kabisa, "Kijana, hesabu siku." Spika nilikua nishalipia. Tukawagawia watu mabuyu yaliyonunuliwa wakaenda nyumbani.

Baada ya polisi: mzee wa mtaa, chifu, ofisi ya kaunti kwa kibali cha spika, na imamu wa msikiti ulio karibu. Imamu usimwachie mwisho. Muulize tu, "Shehe, tumalize saa ngapi?" Ukishamuuliza hio mara nyingi anakua wa kwanza kukutetea.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Anza baada ya swala ya alasiri, maliza kabla ya saa 12. Hapo umetii sheria, umeheshimu magharibi, na wasichana wanafika nyumbani kuna mwanga. Ramadhani acha, subiri ipite.

Spika iweke juu ya meza au ngazi, kifua cha mtu aliyesimama, siyo chini kwenye mchanga. Jenereta kama mnatumia ikae mbali, nyuma ya spika, na mafuta ya ziada yawepo. Ukiwa ufukweni upepo utakula maiki yote, wapange wasanii wautie mgongo na uvike maiki soksi safi, usicheke, inafanya kazi. Lamu mji wa kale hakuna gari la kuingiza spika vichochoroni, so panga mkokoteni au punda siku moja kabla, na Mkunguni pale mbele ya ngome pana nafasi lakini pana wapita njia wengi, weka mikeka mapema kushika uwanja.

Ratiba: vesi 8 hadi 10, jumla isizidi saa moja na robo. Baada ya kila vesi mbili, mjuzi wenu anasimama dakika 3 kujibu maswali. Kaa chonjo na emsii, ndiye anayekula muda kuliko wote.

Ile meza sasa. Iweke pembeni ya jukwaa, watu wawili, daftari, kalamu. Kwetu ilikua ya kuandikisha watu wa boda na mitaa wanayopita asubuhi. Kwenu inaweza kua ya sahihi za maoni ya bajeti. Vesi ya mwisho lazima iielekeze hadhira pale kwa kidole kabisa. Watu wanachukua hatua wakiwa bado na joto la wimbo, ukiwaambia njooni ofisini Jumatatu umewapoteza.

Angalizo: mheshimiwa akitokea. Atatokea, hasa akisikia kuna watu. Kubaliana na kundi mapema kwamba maiki ni ya waliohudhuria darasa tu, alafu mtu mzima mmoja ampokee, ampe kiti cha mbele na maji ya madafu. Akishika maiki shoo imekua ya kwake.

Umefaulu siku hio kama kuna foleni kwenye meza. Makofi usiyahesabu.

Hatua ya 8: Rudi baada ya wiki mbili

Hapa hata waliofanya vizuri wanalala. Chukua daftari la mezani, wapigie wote. Sisi nusu ya watu wa boda hawakushika simu, wachache wakasema walisahau, waliobaki wakaanza, na mmoja ambaye sikumtarajia kabisa akawa anabeba watu wawili kila asubuhi.

Alafu rudini barazani pale pale bila spika, muwaambie watu kilichofanyika na kisichofanyika. Kisichofanyika semeni pia. Wazee watakaa kusikiza kundi linalorudi kutoa hesabu, wengi huja mara moja tu wakapotea.

Mkikwama

Hakuna anayeandika: rudi hatua ya 2, hawajasikia kitu cha kuandika.

Wanaandika lakini wote wanafanana: zima biti, kila mtu aanze na kitu alichokiona kwa macho wiki hii, siyo alichosikia.

Hadhira inaongea wakati wa vesi: mistari ni mirefu. Hesabu mizani.

Meza ni tupu: jambo lenu halina mlango, ama mlango uko mbali.

Kundi la kwanza likiisha chagua wawili waliokua wanasaidia wenzao kuhesabu mizani, hata kama siyo wachanaji wakali, hao ndio waanzishe la pili. Madaftari ya zamani wapeni, na waanze Jumamosi inayofuata kabla watu hawajatawanyika.